Siku ya Arobaini na Tatu

Hidaya Shekiondo alikuwa na sababu moja tu ya kulifungua lile kabati la joto asubuhi ya Jumatano, nayo ilikuwa barabara. Mvua ilikuwa imeila barabara ya bondeni, Mjomba Semboja amekwama huko chini siku ya tatu, na bila mjomba pacha hazikwi. Ndivyo ilivyo Kwemashindo. Kondo la mtoto huzikwa na watu wake, na pacha wa mgonjwa huzikwa na mjomba wa mgonjwa, siku ya arobaini, nyuma ya Taasisi ya Mionzi, kwenye migomba. Akishika jembe mtu mwingine, maneno yake hayaishi mwaka mzima. Kwa kanuni za kazi Hidaya alitakiwa awe amelizima kabati la pacha wa dada yake, Mwajabu, tangu Jumapili, siku ya arobaini. Hakulizima. Aliona vibaya pacha wa Mwajabu apoe kabla ya kuzikwa. Elimu yake ilimcheka kwa hilo, lakini mkono ulikataa kubonyeza, na asubuhi hiyo akafungua tu ili kumjulia hali.

Pacha huyo alikuwa punje ya uvimbe uliotolewa shingoni mwa Mwajabu, ikaoteshwa kwenye kisahani cha kioo. Kila dozi aliyopigwa Mwajabu kwenye mashine, pacha alipigwa siku ile ile, saa ile ile. Kumsoma pacha ni kumsoma mwenye mwili bila kumpasua tena. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Hidaya miaka tisa, na kwa mazoea tu, kwa kuwa kisahani kilikuwa mkononi na hadubini iko mbele yake, alikiweka chini ya lenzi akaangalia.

Akaondoa jicho. Akafuta lenzi. Akaangalia tena.

"Mtume," alisema peke yake.

Katikati ya kisahani palikuwa na seli moja kubwa, jitu, na ubavuni mwa jitu hilo vilikuwa vinachipuka vitoto. Vitatu vilikwisha kujitenga. Cha nne kilikuwa njiani.

Watu wengi hudhani mionzi huua saratani kwa kuichoma, kwa sababu wanaona ngozi imebabuka. Sivyo. Mionzi inakata nyuzi za DNA ndani ya seli. Seli iliyokatwa hujua kwamba imekatwa. Husimama kabla ya kugawanyika, hujitengeneza, kisha huendelea na safari yake. Pale inaposimama, wasomaji wa seli wanapaita langoni. Seli nzima za mwili zina malango mawili ya kusimama. Seli za saratani, kwa pupa yao ya kuzaana, nyingi zimekwisha kulivunja lango la kwanza, zimebaki zinategemea la pili, na hapo ndipo Kwemashindo ilipozikamatia. Mgonjwa anameza kidonge cha lango, mlinzi wa lango la pili anaondoka, mionzi inapiga, na seli inaingia kugawanyika hali imekatikakatika. Kromosomu zinavutwa huku na huku, zinararuka, seli inakufa katikati ya kuzaa. Juu ya kila kisahani hukaa mtambo mdogo uitwao msoma-seli, unaohesabu migawanyiko. Siku arobaini zikipita tangu dozi ya mwisho bila mgawanyiko, pacha anaandikwa amelala, yaani hataota tena, na mgonjwa anatolewa nje kama mzazi, anarudi kwao.

Migawanyiko! Hicho tu ndicho kilichokuwa kinahesabiwa, na Hidaya alipofika hapo katika mawazo yake damu ilimchemka mpaka masikio yakawa ya moto. Jitu lile halikuwa limegawanyika hata mara moja katika siku zote arobaini. Lilikataa. Lilinakili DNA yake likakaa nayo, likanakili tena, na tena, likavimba mpaka likawa mara ishirini ya wenzake, na msoma-seli ukaandika sifuri, sifuri, sifuri. Lilikuwa limekaa kimya likipanga vipande vyake. Sasa limevipanga, linazaa.

Wala halikuwa geni machoni pake. Majitu ya namna hiyo aliyaona miaka miwili nyuma, kwenye visahani vya watu wengine, na akaandika barua kwa Mkurugenzi, Profesa Kilua. Jibu lilikuja na tabasamu: seli iliyovimba ni seli inayokufa, Hidaya, usiwatie watu hofu bure. Naye akalimeza. Akalimeza, akaendelea kutia sahihi kwamba mapacha wamelala.

Na hizo siku arobaini nani alizichagua? Si seli. Waliounda mashine waliangalia visahani siku ishirini na nane wakatosheka. Hapa Kwemashindo, Taasisi ilipofunguliwa, watu walikimbia. Ilivuma kwamba kule juu kuna mumiani wa kisasa, wanaweka vipande vya watu kwenye makabati na kuviwashia taa. Profesa Kilua akakaa na koo zote, akawaahidi: mgonjwa atahesabiwa siku zake kama mzazi, arobaini, kisha kipande chake mtarudishiwa mkizike wenyewe kwa mikono yenu, hakibaki hata chembe. Watu wakarudi, wakajaa. Ilikuwa busara, nani angebisha? Lakini arobaini ilikuwa hesabu ya mzazi, seli hazikuulizwa. Kwa hiyo hapakuwa na mtu Kwemashindo nzima aliyewahi kuiona siku ya arobaini na moja. Ushahidi wote ulikuwa chini ya migomba, umezikwa kwa heshima na vigelegele.

Watu mia tatu na kumi na wawili walikuwa wametolewa nje. Kumi na mmoja kati yao walirudi baadaye na uvimbe, na kwenye kila faili la wale kumi na mmoja Hidaya aliandika kwa mkono wake: uvimbe mpya. Kana kwamba wamepata bahati mbaya nyingine. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya kabati akajitukana kwa Kisambaa, tusi ambalo marehemu mama yake angelisikia angemwosha mdomo kwa majivu.

Halafu akaacha kujitukana akafanya kazi. Alimgawa pacha nusu mbili. Nusu moja aliitia dawa ya lango na kuipiga mionzi; nusu nyingine aliiacha. Alhamisi asubuhi ile iliyopigwa ilikuwa takataka tupu, vipande vya seli vikielea. Ile iliyoachwa ilikuwa na vitoto ishirini na sita. Basi palikuwa na mwanya. Vitoto vikiwa bado vichanga, nyuzi zao hazijakaa sawa, vinalitegemea lango kufa na kupona. Dozi mbili tu, na kidonge, vingekwisha. Kwa hesabu yake mwanya huo ulikuwa siku tisa, labda kumi. Vikishapita hapo vinakomaa, na haviguswi tena na dawa yoyote aliyoijua. Alifungua daftari la waliotoka karibuni. Waliokuwa bado ndani ya mwanya walikuwa wanane, na mmoja wao alikuwa dada yake wa tumbo moja.

*

Profesa Kilua alikuwa mtu wa kuvuta kiti mwenyewe kumpa mgeni, na siku hiyo pia alivuta. Hidaya hakukaa. Aliweka picha za hadubini mezani, moja baada ya nyingine, akaeleza kwa kifupi. Mzee yule alizitazama muda mrefu. Alikuwa na miaka sitini na tisa, msafi, shati lake halikosi pasi, na Hidaya alimwona wazi akitafuta mahali pa kuishika habari ile isimchafue.

Aliuliza ni nani mwingine amekwisha kuziona. Hidaya akasema hakuna. Akauliza pacha atazikwa lini. Akaambiwa mjomba anafika kesho kwa gari la waya, lile la kuning'inia kwenye kamba za chuma, ambalo mvua ililisimamisha na leo limeanza tena. Hapo Profesa akapumua, na ile pumzi ndiyo iliyomtibua Hidaya, maana aliielewa kabla haijaisha.

Alichosema Profesa kilikuwa kimepangwa vizuri, na ubaya wake ni kwamba hakikuwa uongo. Kanuni ya Mionzi inataka penye shaka mashine itiwe lakiri, isiwashwe mpaka uchunguzi uishe. Miezi sita, pengine minane. Mashine ilikuwa moja. Wodini palikuwa na watu sitini na wawili katikati ya dozi zao. Ukitangaza, wote hao unawaachia njiani, na wale wanane hawatapata hizo dozi mbili, na Mwajabu ni miongoni mwa wanane. Zamani, kabla ya mashine, katika kila wagonjwa mia walioletwa Kwemashindo themanini walirudishwa kwao ndani ya sanda. Sasa sitini wanaishi. Je, wangapi watapanda tena mlima huu wakisikia pacha anafufuka?

"Nikuulize, Hidaya mwanangu," alisema. "Unataka dada yako apone, au unataka useme?"

Alikuwa na jibu tayari. Jumatatu Mwajabu angeitwa, faili lingeandikwa marekebisho ya kipimo, angepigwa dozi mbili kimya kimya, kwisha. Pacha angezikwa kesho kama kawaida. Hidaya aliuliza habari za wale saba.

"Mmoja naweza kumwita. Wanane siwezi. Wanane ni tangazo."

Hidaya akamtolea uvivu. Alimwambia kwamba yeye si daktari tena, ni mlinzi wa jina lake. Alimwambia barua ya miaka miwili iliyopita bado anayo. Alimwambia wale kumi na mmoja wana majina, akaanza kuyataja moja baada ya jingine. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho huku akizipanga picha zile, kubwa chini, ndogo juu. Kisha akasema, bila ukali, kwamba sahihi kwenye mafaili yote mia tatu na kumi na mawili ni ya Hidaya Shekiondo. Yake yeye haimo hata kwenye moja.

Alitoka pale akiwa hajui anakwenda wapi. Miguu ndiyo iliyompeleka stesheni ya magari ya waya, alikokuwa akifanya kazi Mwajabu. Na kweli alimkuta, siku ya nne tu tangu atolewe nje, amekwea nguzo futi thelathini juu, mkanda kiunoni, spana mkononi, anamfokea mtu wa chini kwa kumpelekea grisi nyepesi. Gari lililojaa kabichi lilipita chini yake likiteremkia bondeni. Mwajabu alimwona mdogo wake, akampungia spana, akamwuliza kwa sauti ya kusikika na mlima mzima amefiwa na nani, mbona uso umeshuka hivyo.

Hidaya akasema ni uchovu. Akamwambia kesho asichelewe kwenye maziko. Kisha akarudi alikotoka, na njia nzima akajieleza sababu: dada yuko juu ya nguzo, si mahali pa habari hiyo, dada ana furaha, mwache ashibe siku moja, atamwambia akiwa na uhakika. Sababu zote nzuri. Kila alipoipata moja hasira yake ilizidi, na hakujiuliza kwa nini.

*

Maziko ya mapacha yalifanyika Ijumaa, baada ya swala, na siku hiyo watu walikuwa wengi kuliko kawaida kwa sababu ya wale waliozuiwa na mvua. Familia tatu zilikuwa na mashimo yao tayari kati ya migomba. Wagonjwa wa wodini walioweza kutembea walitoka kutazama, maana wenyewe walikuwa wakiisubiri siku hiyo. Mjomba Semboja alifika, mfupi, mwenye kikohozi, viatu vimejaa tope la bondeni. Akakipokea kiboksi chenye kisahani cha pacha kwa mikono miwili na hakutaka mtu amsaidie. Profesa Kilua naye alikuja. Kwa kawaida haji. Alisimama nyuma kidogo, mikono ameifumbata mgongoni, akimtazama Hidaya kwa upole kabisa.

Kuna maneno yanayosemwa kabla ya udongo kurudishwa. Mwenye mwili anauliza, msomaji anajibu, mara tatu, kama ndoa inavyoulizwa. Bila hayo mjomba hafukii. Hakuna aliyeyaandika popote. Yalizuka yenyewe miaka ile ya mwanzo, wakati watu walipotaka kumwona mtu mwenye macho akisema kwa kinywa chake kile ambacho mtambo umeandika.

Mwajabu alijifunika kanga mpya, nyekundu, akasimama ukingoni mwa shimo na kucheka. Aliwaambia mashangazi waharakishe, ana nguzo inamsubiri.

"Amelala?" aliuliza.

Hidaya alikikodolea macho kiboksi. Watu wakadhani amezidiwa na furaha, ni dada yake. Shangazi mmoja akapiga kigelegele cha kumtia moyo.

"Amelala?" Mwajabu aliuliza tena, na safari hii alikuwa anamtazama vizuri.

Profesa alikohoa. Kwenye baraza ya wodi wagonjwa walikuwa wamesogea mbele, wamejishika kwenye nguzo. Hidaya alijua kabisa kinachotakiwa. Neno moja, amekwisha kulijibu kwa watu zaidi ya mia tatu, na Jumatatu dada yake angeponywa. Alikuwa tayari kulisema. Baadaye aliapa kwamba alikuwa tayari. Lakini alipofungua kinywa aliwaona wale wa barazani, na akaona kwamba anawaongopea na wao pia, mmoja mmoja, kwa zamu, mpaka atakapostaafu.

"Amelala?"

"Hajalala, dada."

Akasema yote. Aliyasema vibaya, kwa ghadhabu, maneno yakikanyagana: jitu, vitoto, siku arobaini, barua, wale kumi na mmoja, wale wanane na mwanya wao. Akasema na alichoahidiwa jana, na aliyemwahidi akamwonyesha kwa kidole. Aliisema sahihi yake mwenyewe pia, hakujiondoa. Alipomaliza, Mjomba Semboja alikuwa bado ameshika kiboksi, amekisogeza mbali kidogo na kifua chake.

Mwanamume mmoja barazani ndiye aliyesema wa kwanza. Alikuwa amemshika mwanawe wa kike begani, binti wa miaka ishirini hivi, kichwa kimenyolewa. Aliuliza kwa adabu. Binti yake amebakiza dozi nne. Je, kama ameelewa sawasawa, sasa hazipo?

Hidaya alimtazama yule binti.

"Umemsikia?" Profesa Kilua alisema. Kwa mara ya kwanza Hidaya alimwona ana hasira kama yeye. "Sitini na wawili. Umewaua kwa mdomo wako, halafu utakwenda kulala ukijiita mkweli." Kati ya migomba tayari palikuwa na kijana wa familia nyingine aliyeinua simu anasajili malalamiko wizarani, na hakuna aliyemzuia.

Mwajabu aliivua kanga kichwani akaifunga kiunoni. Akamjia mdogo wake mpaka wakawa pua kwa pua.

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Kwa hiyo jana ulipokuja stesheni ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Kofi lilimpata Hidaya shavu la kushoto, kofi la mkono unaokaza nati kila siku, akaona nyota. Hakuna shangazi aliyesogea.

"Yule mzee alikaa akaamua juu yangu, mimi sipo," Mwajabu alisema. "Na wewe ukakaa ukaamua juu yangu, mimi nipo, nimesimama juu ya nguzo nakupungia. Mna tofauti gani? Shingo ni yangu. Ungeniuliza, pengine ningekuambia ufunge mdomo mimi nipone. Pengine ningekuambia sema. Sasa sitajua. Umenipora hata hilo, Hidaya, kujua mimi ni mtu wa namna gani."

Hidaya alitaka kusema samahani. Neno lilikuwa dogo mno, akaliacha. Hasira aliyokuwa nayo tangu Jumatano, yote ile aliyoipeleka kwa Profesa, kwa mashine, kwa wale wa siku ishirini na nane, alihisi ikimtoka miguuni, na pale ilipokuwa pakabaki aibu.

Lakini Mwajabu alikwisha kumpa kisogo. Alikuwa anamwuliza Profesa huyo mkaguzi wa kuja kutia mashine lakiri anatoka wapi. Dodoma, Profesa akasema. Mwajabu akaguna. Magari yake ya waya, akasema, yamewahi kutiwa lakiri mara nne na wakaguzi hao hao, na mara zote nne walifika Jumanne. Barabara ikiwa mbovu, Jumatano. Tangu azaliwe hajamwona mkaguzi wa serikali akiupanda mlima huu Jumamosi. Leo ni Ijumaa, saa tisa haijafika. Mashine inawaka au haiwaki?

Inawaka, alisema Profesa.

"Basi inawaka mpaka Jumanne. Dozi mbili mara wanane ni kumi na sita. Baada ya hapo, mtu wa wodini mmoja mmoja, aliyebakiza chache atangulie, bila kusimama, mpaka mtu wa lakiri abishe hodi. Wa kubaki watabaki, sina la kuwaambia." Alimtazama yule baba mwenye binti, akaongeza kwamba dozi nne si nyingi. "Ufunguo unao wewe, Profesa?"

Alikuwa nao. Alisimama na mkono mfukoni kwa muda ambao Hidaya aliuona mrefu, watu wote wakimtazama, wengi wao wakiwa ni wale aliowahi kukaa nao yeye mwenyewe kuwabembeleza waupande mlima. Kisha akautoa, na kwa kuwa hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea, akauweka kwenye kiganja cha Mjomba Semboja, aliyekuwa karibu. Mjomba akabaki na kiboksi huku na ufunguo kule. Akauliza, akikohoa, sasa azike au asizike. Hidaya akamwambia asizike. Kuanzia leo hazikwi pacha ambaye hajasomwa siku mia.

Mwajabu aliwapigia simu wale saba yeye mwenyewe. Walilala naye wodi moja, alikuwa na namba zao zote. Hakuwazungusha. Kila mmoja alimwambia habari yenyewe, akamwachia kimya aikubali, akamwuliza anataka kuja au hataki. Sita walisema wanakuja. Wa saba, mzee mmoja wa soko la juu, alisema ameshatolewa nje na nje atabaki, na Mwajabu akamwambia sawa, mzee wangu, nimekusikia. Hidaya alikuwa amesimama karibu akisikia yote hayo, shavu linamwaka.

Saa kumi na nusu kidonge kilikuwa kimekwisha kushika. Kwenye chumba cha mashine aliyetangulia ni Mwajabu, wala hakutafuta maneno ya kujipamba. Aliwaambia wenzake wazi kwamba wa kwanza ni yeye, hajifanyi mtakatifu, anayetaka kunung'unika anung'unike akiwa kwenye foleni. Alilala mezani akaweka shingo yake pale inapowekwa. Fundi mwingine ndiye aliyemfunga kinyago cha kushika kichwa kisitikisike. Hidaya aliponyoosha mikono kusaidia, Mwajabu aliitazama mikono ile mpaka ikarudi chini.

Wote wakatoka, mlango mzito ukafungwa. Hidaya akabaki nyuma ya kioo, kwenye meza ya swichi, kwa sababu msomaji ndiye anayewasha, na alikuwa mmoja tu. Taa ya kijani iliwaka kuonyesha kila kitu kiko tayari. Miaka tisa aliyokaa pale alikuwa akiiona taa hiyo na kubonyeza papo hapo. Safari hii kidole kilifika kikasimama. Aliinama kwenye kipaza sauti.

"Dada," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba ndani ya chumba kile. "Niwashe?"

Chini ya kinyago macho ya Mwajabu yalikuwa wazi, yanatazama dari. Foleni ilikuwa ndefu nje, na saa ilikuwa inakwenda, na yeye alijua. Alimwacha mdogo wake asubiri. Alimwacha mpaka fundi yule mwingine akageuka kumtazama Hidaya, hajui afanye nini.

"Washa," alisema.